Umebadili rimu, gari limeanza vituko: kutafuta kosa kwenye saizi ya tairi

"Shikamoo fundi. Shokapu za mbele zimekufa, naomba unitafutie nyingine."

"Marahaba mwanangu. Umejuaje kama zimekufa?"

"Kila tuta nililopita kutoka Muheza linagonga. Pale Pongwe ndiyo usiseme."

Gari lilikuwa Toyota Altezza nyeupe, limeshushwa, na chini lina rimu za inchi 18 ambazo hazijamaliza hata wiki. Nilipiga goti pembeni ya tairi la mbele nikapitisha kidole kwenye ukingo wa fenda, kwa ndani. Kidole kilitoka na unga mweusi wa mpira, na ule ukingo ulikuwa unang'aa kama kisu kilichotoka kunolewa. Kwenye bega la tairi kulikuwa na mkwaruzo mmoja uliozunguka tairi zima, sehemu moja umeshaingia ndani kiasi cha kushika ukucha. Shokapu zilikuwa nzima. Tulizibonyeza wawili, gari likashuka na kurudi mara moja tu, likatulia.

Kesi za namna hii ndizo nyingi hapa Ngamiani, Tanga. Mtu anabadili rimu, gari linaanza tabia ambayo halikuwa nayo, kisha lawama zinakwenda kwa shokapu, kwa usukani, kwa fundi wa alaimenti. Mimi nasema hivi: gari lililokuwa zima Ijumaa likaanza kusumbua Jumatatu, na katikati yake ukafunga rimu mpya, ugonjwa utafute kwanza kwenye rimu na tairi. Na uutafute kwa rula. Macho yanadanganya sana kwenye kazi hii, kwa sababu milimita 5 hazionekani ukiwa umesimama, lakini zinatosha kukata tairi.

Hapa chini nimepanga kwa dalili, kama gari linavyoletwa. Mifano mingi nitatoa kwa Altezza RS200, kwa kuwa ndiyo ninayoendesha mwenyewe na ndiyo vijana wengi wanayo.

Namba ya kuanzia

Fungua mlango wa dereva, tafuta stika. Maandishi yatakuwa ya Kijapani lakini namba zinasomeka: saizi ya tairi na upepo wake. RS200 ya rimu za inchi 17 ilitoka kiwandani na 215/45R17, juu ya rimu yenye upana wa inchi 7 na ofseti ya 50 (ofseti nitaieleza mbele). Iandike mahali, maana kila kitu kitapimwa kwa hiyo.

215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 si milimita, ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya ule upana. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu ni 215 mara 0.45, sawa na milimita 96.75. Zipo mbavu mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo 193.5. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumlisha: tairi zima lina kimo cha milimita 625. Hiyo 625 ndiyo namba ambayo giaboksi, spidomita, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) na nafasi ya fenda vilipangiwa.

Sasa mtu anataka inchi 18. Akiweka 215/40R18 anapata 629, karibu sawasawa na ya kiwandani. 225/40R18 ni 637, imezidi kwa asilimia 1.9. 235/40R18 ni 645, imezidi kwa asilimia 3.2. 215/35R18 ni 608, imepungua kwa asilimia 2.8. Mimi napenda kubaki ndani ya asilimia 2 juu au chini. Ikifika 3 nakataa kufunga, hata kama mteja ameshanunua, na nimeshagombana na watu kwa ajili hiyo.

Kama tairi ni la mtumba na namba zimefutika, chora mstari kwa chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mzunguko mmoja kamili, chora tena sakafuni, pima kwa futi kamba. Fanya hivyo kwa tairi la zamani na kwa jipya, upepo ukiwa sawa, ulinganishe.

Dalili: tairi linagusa

Usiulize linagusa au haligusi. Uliza linagusa wapi, na lini, kwa sababu kila mahali pana chanzo chake.

Likigusa kwenye matuta na mashimo, hasa ukiwa na abiria nyuma, ni ukingo wa fenda: rimu imetoka nje mno, au tairi ni refu mno, au gari limeshushwa mno. Likigusa muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, ukasikia mlio wa kusugua unaoongezeka na mwendo, ni upande wa ndani: tairi linalala kwenye shokapu au kwenye sahani ya springi. Likigusa ukikata usukani mpaka mwisho, kwa mfano unageuza gari kwenye maegesho, ni plastiki ya ndani ya fenda au bampa.

Hilo la pili ndilo la hatari kuliko yote na ndilo watu wanalovumilia, kwa kuwa mlio ni mdogo. Tairi linachanika kwa ndani ambako huoni, mpaka siku linapasuka ukiwa njia ya Segera na mwendo. Ukishuku, nyanyua gari, ingiza kichwa chini na tochi. Ukiona mstari uliong'aa kwenye ubavu wa ndani, usiliendeshe tena mpaka urekebishe.

Hapo ndipo inabidi tuielewe ofseti. Chukua rimu, ilaze chali, fikiria mstari unaoigawa upana wake katikati. Uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari kinachobeba rimu, hauko kwenye mstari ule, umesogea. Ofseti 50 maana yake uso huo umesogea milimita 50 kuelekea nje, kwa hiyo rimu yote inaingia ndani ya gari. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Kwa kawaida imeandikwa kwa nyuma ya rimu au nyuma ya mkono wake, mfano 18x8J ET35 au INSET 35, yaani kipenyo inchi 18, upana inchi 8, ofseti 35.

Hesabu yake haihitaji kalkuleta ya gharama. Nusu ya upana wa rimu, toa ofseti, unapata inavyotoka nje. Nusu ya upana, jumlisha ofseti, unapata inavyoingia ndani. Rimu ya kiwandani ya inchi 7 ni milimita 178, nusu yake 89. Kwa hiyo nje ni 39 na ndani ni 139. Rimu za yule kijana zilikuwa 18x8 ofseti 35. Nusu ya inchi 8 ni kama 102, kwa hiyo nje ni 67 na ndani ni 137. Zimetoka nje milimita 28 kuliko za kiwandani. Karibu sentimita 3, kwenye gari lililoshushwa. Pale ndipo ukingo wa fenda ulipopata kazi ya kukata mpira.

Angechukua rimu hiyohiyo ya inchi 8 yenye ofseti 45, nje ingekuwa 57, yaani milimita 18 tu zaidi ya mwanzo. Lakini ndani ingekuwa 147, imesogelea shokapu kwa milimita 8. Je, hizo 8 zipo? Hilo huwezi kujua kwa kusoma, inabidi upime gari lako. Weka rimu ya zamani, pima kati ya tairi na shokapu sehemu iliyobana zaidi. Mimi sikubali ibaki chini ya milimita 5 baada ya kazi kuisha. Na ukiwa na springi za kurekebisha kimo, pima baada ya kuzishusha, si kabla, kwa sababu ile sahani ya springi inateremka na kulikuta tairi.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na kinagharimu udongo wa kuchezea watoto tu, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Ukande mpaka ulainike, bandika vidonge vinene kama kidole gumba kwenye ukingo wa fenda kwa ndani, kwenye plastiki, na kwenye shokapu mkabala na tairi. Paka tairi maji kidogo ili udongo usilishike. Jaza watu wanne kwenye gari, pita kwenye tuta taratibu, kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, rudi. Toa vidonge upime unene uliobaki. Kama kidonge kimebaki milimita 6, nafasi yako ni milimita 6. Kama kimekatwa, umeshapata jibu.

Tiba, kwa mpangilio ninaoufuata: badili saizi ya tairi kwanza, kisha kimo cha gari, kisha fenda. Kutoka 225/40R18 kwenda 215/40R18 unapunguza milimita 10 za upana, yaani kama 5 kila upande, na milimita 8 za kimo, yaani 4 kwa juu. Ni ndogo kwa maneno, ila mara nyingi ndizo zinazotakiwa. Kupandisha gari milimita 10 au 15 kunaumiza moyo wa mwenye gari lakini hakuharibu kitu. Kukunja ukingo wa fenda ni kazi nzuri ikifanywa kwa kupasha rangi moto na kukunja polepole. Kuukata kwa msumeno wa umeme ndiko nisikokubali hapa Tanga. Chuma kinabaki wazi, upepo wa bahari unakikuta, na gari linalolala Raskazone au Sahare huanza kutoa kutu pale penye kovu kabla hujajua.

Speisa, lile bamba linalowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza rimu nje, inatibu kugusa kwa ndani tu. Nimeshaona mtu anaongezewa speisa kwa tairi linalogusa fenda ya nje, yaani tatizo limeongezwa unene na hela imelipwa. Na hata pale inapofaa, hesabu mizunguko ya nati. Speisa ya milimita 5 inakula nyuzi za bolti kwa milimita hizohizo.

Kugusa plastiki ukikata usukani mpaka mwisho, kama ni kidogo na ni plastiki tu, ipashe moto uisukume nyuma, maisha yaendelee. Isipokuwa ukikuta tairi linafika kwenye mpira wa breki. Hapo simamisha gari palepale.

Dalili: usukani unatetemeka ukifika 80 na kuendelea

Watu hupeleka gari kwenye balansi. Linarudi, bado linatetemeka. Wanapeleka tena kwingine. Mara ya tatu wanaanza kusema mashine zote za mjini ni mbovu.

Sikiliza kinachotokea. Kwenye mashine ya balansi rimu hushikwa katikati kwa koni inayoingia kwenye tundu lake, kwa hiyo inakaa katikati sawasawa hata tundu liwe kubwa namna gani. Kwenye gari hakuna koni. Kuna habu. Rimu za Altezza na Toyota Mark II zina tundu la milimita 60.1, Subaru Impreza 56.1, Nissan nyingi 66.1. Rimu za kuuzwa kwa magari mbalimbali hutobolewa tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie kwenye kila gari. Weka rimu ya 73.1 kwenye habu ya 60.1, unabaki na uwazi wa milimita 13. Rimu inaning'inia kwenye nati peke yake, na ikikaa nje ya katikati hata kwa nusu milimita, kwenye 90 mikono yako itajua.

Dawa ni pete ya habu, nje 73.1 na ndani 60.1. Zipo za plastiki na za aluminiamu. Za plastiki hulainika kwa joto la breki. Mtu anayepanda na kushuka Lushoto kila wiki nampa za aluminiamu. Za aluminiamu nazo, kwa unyevu wa chumvi wa hapa kwetu, hugandana na habu ya chuma mpaka rimu isitoke. Zipake grisi nyepesi, faida yake utaiona siku ya pancha.

Kabla ya kufunga, toa rimu uangalie uso wa habu. Kwenye magari ya pwani utakuta magamba ya kutu yamejipanga kuzunguka bolti. Gamba moja nyuma ya rimu linaipindisha rimu nzima. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na usisahau mgongo wa rimu yenyewe. Tetemeko la namna hii nimelimaliza mara nyingi kwa brashi tu, bila kununua chochote.

Kisha nati. Nati za Toyota za rimu za kiwandani, kwa magari mengi ya miaka ile, zina uso bapa wenye washa. Rimu nyingi za kununua baadaye zinataka nati ya koni yenye pembe ya digrii 60. Ukifunga bapa kwenye tundu la koni, nati inagusa ukingo tu, inakazwa vizuri leo, keshokutwa imelegea. Na bolti ya Toyota ni ya kipenyo cha milimita 12 yenye nyuzi zilizoachana milimita 1.5, Subaru na Nissan ni 12 yenye nyuzi za 1.25. Nati ya Toyota inaweza kuanza kuingia kwenye bolti ya Subaru kwa nguvu za spana, na ikiingia hivyo imeshaharibu vyote viwili. Nati ya kweli inaingia kwa vidole. Ihesabu: kwa nyuzi za 1.5 nataka mizunguko 8 kamili, kwa 1.25 nataka 10.

Kitu kingine kinachoniudhi ni rimu za 5x112, yaani matundu 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 112, kufungwa kwenye gari la 5x114.3. Zinakaribiana kiasi kwamba zinaingia kwa kulazimishwa, na muuzaji atakuambia zinaingiliana. Haziingiliani. Bolti zinapinda kidogo kila moja upande wake, na siku moja zinakatika. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani: 5x114.3 ni milimita 67.2, 5x112 ni 65.8, 5x100 ni 58.8. Tofauti ya hizo mbili za kwanza ni milimita 1.4, ndiyo maana macho hayatoshi.

Kufunga kwenyewe: gari likiwa limenyanyuliwa, ingiza nati zote kwa mkono, zikaze kidogo kwa kuruka moja moja kama nyota, shusha gari, malizia kwa spana ya kupimia mkazo. Toyota hizi ni 103 Nm. Bunduki ya upepo ikimaliza kazi peke yake, moja itakuwa 60 na nyingine 200.

Tetemeko likija ukikanyaga breki tu, hilo ni la diski, si la tairi. Ukilisikia kwenye kiti kuliko mikononi, anza na magurudumu ya nyuma.

Dalili: Subaru linashikashika kwenye kona, linanuka difu

Altezza inakuvumilia makosa. Subaru haivumilii. Gari linalosukuma magurudumu yote manne lina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi za mbele zikiwa na kimo tofauti na za nyuma, difu ile inaamini kuwa uko kwenye kona muda wote. Inasugua kutoka hapa mpaka Korogwe bila kupumzika. Utasikia gari linashika na kuachia ukigeuza taratibu kwenye maegesho, kama limekanyagiwa breki kidogo. Baadaye inakuja harufu ya mafuta yaliyoungua, na baada ya harufu inakuja gharama.

Kipimo cha Subaru wenyewe ni kwamba mizingo ya tairi nne isipishane kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni mzingo, yaani ukizungushia futi kamba katikati ya tairi. Ukigeuza kuwa kina cha kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, ni milimita 1 tu ya kulika. Kwa hiyo mbili mpya mbele na mbili nusu kipara nyuma, hata saizi iliyoandikwa ikiwa moja, ni kosa. Na 225/45R17 mbele na 215/45R17 nyuma ni kosa kubwa zaidi, 634 dhidi ya 625. Kwa Impreza nunua nne kwa mpigo, za aina moja, au subiri upate hela ya nne.

Wenye Mark II au Altezza, zinazosukuma nyuma peke yake, wanaweza kuweka pana nyuma. Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo kwenye Mark II ya JZX100 Tourer V: mbele 205/55R16, nyuma 225/50R16. Piga hesabu uone walivyokuwa makini: 632 mbele, 631 nyuma. Upana umebadilika, kimo hakikubadilika. Ukitaka kuiga, iga hivyo. 225/40R18 mbele na 255/35R18 nyuma ni 637 na 636, mpangilio safi kama fenda ya nyuma inaipokea.

Dalili: ubavu umevimba, rimu imepinda

Kivimbe kwenye ubavu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hakuna dawa, hakuna kiraka, hakuna "tembelea mpaka mwisho wa mwezi." Tairi linatoka.

Swali ni kwa nini limevimba. Jibu la kwanza ni ubavu mfupi kwa barabara zetu. 215/45R17 ina ubavu wa milimita 97. 225/40R18 ina 90. 225/35R19 ina 79. Kila unapoondoa milimita, unaondoa mto uliokuwa kati ya rimu na ncha ya shimo. Kwa gari linaloishi Chumbageni na kutembelea lami ya mjini, 18 inakwenda. Kwa anayevuka matuta na rasta za vijijini kila wikiendi na kuingia njia za vumbi, mimi nasema kwa moyo wangu wote, baki na 17. Gari halipungui uzuri, na kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto 17 yenye tairi zuri haiionei haya 18 yenye tairi bovu.

Jibu la pili ni upepo na uwezo wa kubeba. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 87W. 87 maana yake kilo 545 kwa tairi moja. W ni mwendo wa mpaka kilomita 270 kwa saa. Ile 215/35R18 inayopendwa kwa kuwa rahisi huwa ni 84, kilo 500, nayo huwa ni ya XL, inayotaka upepo mwingi zaidi kufikisha hizo kilo. Ukiijaza upepo ule wa stika ya mlangoni, kama ilivyokuwa kwa 215/45R17, inabeba pungufu sana. Ukapakia wanne na mizigo, gari linakaribia tani 1.7, ukapiga shimo: ubavu unabanwa kati ya shimo na rimu, nyuzi zinakatika. Chagua namba isiyopungua ile ya kiwandani, na ukihamia XL ongeza upepo kidogo. Pima asubuhi kabla jua halijakuwa kali na kabla hujatembea, maana kila nyuzi joto 5 au 6 zinaongeza kama PSI 1.

Kujua kama upepo unafaa saizi mpya, paka chaki mstari mpana kukatiza kashata, endesha mita kumi kwenye sakafu iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, umezidisha. Ikifutika pembeni tu, umepunguza.

Na soma umri. Namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba likizidi miaka sita silifungi kwenye rimu kubwa, hata liwe na kashata za kuvutia namna gani. Mpira mkavu wenye ubavu mfupi hauna cha kujitetea.

Dalili: tairi linakula upande wa ndani

Hii si saizi peke yake. Gari likishushwa, magurudumu hulala kwa juu kuelekea ndani na pembe ya kuelekea kwake mbele, ambayo mafundi huiita vidole, hubadilika. Tairi pana huonyesha kosa hilo mapema, kwa kuwa upande wa ndani unabeba peke yake. Fanya alaimenti baada ya kushusha na baada ya kufunga saizi mpya. Ukifanya kabla, umelipia bure. Kama alaimenti imekubali na bado linakula, kagua boljointi na bushi za mkono wa chini.

Dalili: upepo unapungua, tairi linatoka kwenye rimu

Vijana wanapenda tairi jembamba lililonyooshwa kwenye rimu pana, ubavu unalala kama paa. Kila saizi ina upana wa rimu inayokubali. 215/45R17 inakubali inchi 7 mpaka 8. 225/40R18 inakubali 7.5 mpaka 9. 235/40R18 inakubali 8 mpaka 9.5. Ukinyoosha 205/40R17 kwenye rimu ya 9, mdomo wa tairi unashikilia rimu kwa pembe isiyo yake, na ukipiga ukingo wa shimo unaachia. Upepo wote unatoka kwa sekunde moja. Nimeona hili likitokea kwenye gari lililokuwa na mtoto ndani, kwa bahati likiwa kwenye mwendo mdogo. Silifungi, kwa bei yoyote.

Kinyume chake, tairi pana kwenye rimu nyembamba, linavimba kama puto na gari linayumba ukikata kona. Halina hatari kama lile, ila pesa ya mpira mpana umeitupa.

Dalili: spidomita inadanganya, taa ya ABS inawaka

Tairi refu linazunguka mara chache. Kwa 235/40R18, spidomita ikionyesha 100 unatembea kama 103 ukilinganisha na tairi la kiwandani. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Taa ya ABS ikiwaka baada ya kufunga, aidha mbele na nyuma vina kimo tofauti, au waya wa sensa umebanwa wakati wa kazi. Anza na waya.

Baada ya kufunga rimu yoyote mpya, nati zinakazwa tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Wateja wangu nawatuma Muheza na kurudi, inatosha.

Yule kijana tulimtafutia 215/40R18 zenye namba 89, tukapandisha springi milimita 15, tukamfungia pete za 60.1 alizokuwa hana. Kidonge cha udongo kilichokaa kwenye fenda ya mbele kushoto kilibaki na unene wa milimita 7, cha kulia 6. Akaenda Muheza akarudi saa kumi jioni. Nilipoweka spana, nati mbili za nyuma ziliingia robo mzunguko, zilizobaki hazikusogea.